Mama wa Meno na Tarumbeta Langu

Nilipaswa kujibu hapana. Mwalimu wa bendi alikuja nyumbani kwangu Mitwero alasiri moja, akakaa barazani, akapokea maji ya kunywa, kisha akaniambia kwamba kijana wa kwetu milimani anapewa upadre. Parokia ya kwetu, huko juu Kilwa bara, ilikuwa imeomba bendi ya Lindi iende ikaongoze maandamano. Wakati huo jino langu la mbele lilikuwa limefungwa waya, na nilikuwa na agizo la kutogusa tarumbeta mpaka msimu wa korosho upite. Mwalimu alilijua agizo hilo. Alizungusha kikombe mkononi, akasema, "Lakini mzee, ni kwenu." Nikaliangalia tarumbeta langu pale ukutani lilipotundikwa. Nikasema, "Nitakuja."

Aliyenipa lile agizo, daktari wa meno wa hospitali yetu, ndiye ninayetaka kumwandika hapa. Jina lake siliandiki. Hangependa, na hata ningeliandika, watu wengi wa Lindi wasingejua ni nani, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama wa Meno. Watoto walimwita hivyo, wauza samaki walimwita hivyo, na nimewahi kumsikia shehe mmoja akimwita hivyo sokoni kwa heshima kubwa. Habari za alikozaliwa na wa ukoo gani sizijui vizuri, isipokuwa kwamba ni Mmakonde wa uwanda wa juu, jambo ambalo mwenyewe hakumruhusu mtu alisahau.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko ya kwangu mimi niliyebeba magunia ya korosho nilipokuwa kijana, kabla sijawa karani wa ghala. Mtu akiiona mikono ile kwa mara ya kwanza alifumba mdomo bila kuambiwa. Lakini ikishaingia kinywani ilikuwa myepesi ajabu. Yeye mwenyewe alilijua hilo na alilitangaza. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. "Kuna watu Mtwara wana mashine nzuri kuliko hizi," alikuwa akisema akinyoosha vidole vyake mbele ya dirisha, "lakini hivi hawana."

Alipenda kuzungumza na wagonjwa wakati midomo yao iko wazi. Aliuliza swali, akajijibu, kisha akalikasirikia jibu. "Mtoto wako wa pili bado yuko Dar? Yupo. Anapiga simu? Hapigi. Na wewe unamtumia korosho! Ndiyo maana hapigi." Mgonjwa anaguna tu, mate yanamjaa, na kazi inaendelea. Asipozungumza aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo haikuwahi kukutana na wimbo wenyewe. Mimi, mtu wa bendi, niliteseka zaidi kwa uimbaji ule kuliko kwa sindano.

Kati yangu na yeye kulikuwa na utani. Mimi ni Mmatumbi, na kwetu tulilelewa tukijua kwamba Mmakonde ni mtani: unaweza kumtukana asubuhi, kumnyang'anya kofia mchana, na akifiwa unakwenda kumchekesha huku wengine wanalia, na hakuna wa kukukasirikia. Siku ya kwanza kabisa nilipoingia chumbani kwake alisoma jina langu kwenye kadi, akainua kichwa.

"Hili jina la milimani."

"La milimani kweli."

"Mmatumbi! Nani amekushusha huko juu? Walikuonyesha bahari ukaona ni mto umefurika?"

"Walinishusha nije niwafundishe Wamakonde kula kuku. Nasikia panya wamewaishia."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo hakuniita jina tena. Nilikuwa Mmatumbi, au mtani, na akiwa na furaha sana, "wewe kitu cha milimani." Na mimi nilimwita Mmakonde. Tulikuwa karibu umri mmoja, hivyo hata shikamoo haikuwepo kati yetu. Tuliingia moja kwa moja kwenye matusi.

Kuna kisa chake cha Sudi ambacho nilikisikia mara nyingi kutoka kwake, na kila mara pweza wa kisa hicho aliongezeka ukubwa. Alikwenda kijijini huko na sanduku lake la vyuma, kama alivyozoea kuzunguka vijijini. Mzee mmoja shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefungika, lakini akakataa katakata mwanamke asitie mkono kinywani mwake. Mama wa Meno hakubishana. Akamwambia, "Sawa babu, hata marehemu mume wangu hakupenda," akaenda kukaa kwenye mkeka kivulini hapo hapo mbele ya yule mzee, akaagiza pweza wa kukaanga na ndimu. Akala. Akala akitafuna kwa sauti, akisifu, akilamba vidole. Mzee alimwangalia kwa lile jicho moja.

Hatimaye akauliza, "Mikono unaosha?"

"Nikiosha utaniruhusu?"

"Osha mara mbili."

Akaosha mara mbili, akamtoa mzee usaha, na jioni, kwa mujibu wake, yule mzee aliomba kipande cha pweza akinyonye tu mchuzi wake. Mimi sikuwepo. Lakini dereva wa gari lao aliniapia kwamba ni kweli, ila pweza alikuwa mdogo.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliwagombeza vijana kwa kufungua soda na meno, aligombeza wavuta tumbaku, aligombeza wanaoweka maji ya betri kwenye jino lililotoboka. Lakini yeye, saa ya mapumziko, ungemkuta nje ya geti la hospitali anamenya muwa kwa meno yake mwenyewe, anavuta ganda kwa nguvu kama anayechuna ngozi ya mbuzi. Ukimuuliza alijibu, "Haya ni ya Kimakonde. Ya kwako ni ya kuazima." Na huyu mwanamke aliyechoma sindano fizi za nusu ya wilaya alikuwa mwoga wa sindano kupita mtoto. Siku ya chanjo ya watumishi alijifungia msalani mpaka wakaja kumbembeleza wauguzi watatu. Alitoka akiwa amejifunga khanga kichwani kama mwenye homa. Hakuona haya. "Mimi napenda kuchoma," alisema, "sijasema napenda kuchomwa."

Na kung'oa. Alikuwa hodari wa kung'oa, na alijisifu kwamba jino hutoka kabla mwenye jino hajamaliza kusema jina la baba yake. Hata hivyo aliona ni kushindwa. Mtu akiingia akisema, "Mama, ling'oe tu," alikasirika kama ameambiwa aue. Alikuwa na neno alilolirudia kwa kila mgonjwa anayetoka mlangoni, na mke wangu bado hulirudia nyumbani tunapopiga mswaki: "Maumivu yakiisha, njoo. Yakiwepo, utakuja mwenyewe."

Mke wangu alilishika neno hilo. Mimi nililiona zuri, nikaliacha pale pale mlangoni.

Sasa jino. Lilikuwa la mbele, la juu, kulia. Asiyepiga tarumbeta hawezi kuelewa, lakini sauti yote ya tarumbeta inategemea pale: mdomo wa juu unaegemea meno, na chuma kinaegemea mdomo. Jino likiyumba, sauti inayumba. Nilianza kuisikia sauti yangu ikiwa na mchanga ndani yake. Kisha fizi juu ya jino lile ikawa na kipele, kinatoa usaha kidogo, kinakauka, kinarudi. Haikuuma. Nikasukutua kwa maji ya chumvi miezi kadhaa, nikajiona nimejitibu.

Nilipokwenda hatimaye, alinikaribisha kama kawaida.

"Mtani, fungua hilo pango tuone popo."

Nikafungua. Akalishika jino kwa vidole viwili, likacheza.

"Limeanza lini kuyumba? Usijibu. Tangu Pasaka. Na hukuja kwa sababu halikuumi. Mwanaume mzima."

Alichukua pamba yenye baridi kali akaigusisha kwenye jino la jirani, nikaruka kitini. Akaigusisha kwenye lile lenyewe. Hakuna kitu. Ni kama alikuwa amegusa jino la mtu mwingine. Halafu akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakipitisha taratibu kati ya fizi na jino, na nikaona machoni mwake kikizama. Wimbo aliokuwa akiuharibu ukakatika katikati.

Nilipigwa picha. Aliishika ile picha dirishani, akaniita nisimame karibu naye.

"Hapa ndani jino limekufa. Liliwahi kupigwa?"

"Nilianguka na baiskeli. Zamani sana."

"Likafa taratibu, likaoza ndani, usaha ukatokea chini ya mzizi. Hilo ni moja. Angalia hapa pembeni. Fizi imeachia jino, ukoga umejijenga mpaka chini, mfupa unaliwa. Hilo la pili. Na hapa," akaweka ukucha wake mkubwa mahali palipokuwa na kivuli, "usaha wa ndani na usaha wa nje umekutana, unasalimiana."

Niliuliza tutafanya nini. Alieleza kwa njia ambayo sijaisahau. Alisema nyumba yangu ina nyoka wawili, mmoja chumbani, mmoja uani. Ukianza na wa uani, wa chumbani atatoka aharibu kazi yote. Kwa hiyo tunaanza chumbani: anatoboa jino kwa nyuma, anausafisha mzizi ndani mpaka mwisho, anauziba. Kisha tunasubiri, mwili wenyewe uonyeshe umejenga mfupa kiasi gani. Halafu ndipo anaingia uani, kwenye fizi, anakwangua kila kilichojificha. "Ukiua wa chumbani ukapanda kitandani ukalala," alisema, "wa uani anaingia. Usije ukaniachia kazi nusu, Mmatumbi. Nusu ya kazi hii ni sawa na bure."

"Kwa nini usiling'oe tu?"

Niliona alivyobadilika. "Kulitoa naweza sasa hivi, wala hutajua limekwenda wapi. Halafu tarumbeta utapigia nini, magoti?"

Hapo ndipo aliponiambia jambo lililokuwa moyoni mwake. Alivua glavu zake, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akaniambia ameshawaagiza wanawe: siku atakapozikwa hataki spika wala nyimbo za simu. Amekuwa akinisikia kwenye maandamano ya Ekaristi kila mwaka, na anataka Mmatumbi atangulie mbele ya jeneza lake na tarumbeta mpaka kaburini, kisha adai chakula na kuzuia watu wasiondoke, kama mtani anavyopaswa.

"Na kama mimi ndiye nitatangulia kufa?"

"Basi nitakuja kukufungua mdomo nione meno yote yapo, ndipo wakufunike."

Nikamwahidi. Tukapeana mikono, mkono wangu ukapotea ndani ya wake. Ilikuwa ahadi ya watani, na watu wanadhani ahadi za watani ni za kucheka tu. Si kweli. Msibani ndipo mtani anapotazamwa kama amekuja.

Akautibu mzizi. Ilikuwa safari kadhaa za kiti kile, mdomo wazi, nikisikiliza habari za wanawe na nyimbo zake. Mwishoni alilifunga jino kwa waya mwembamba na majirani zake ili litulie. Kipele kikapotea. Usaha ukaisha. Mikorosho ilikuwa inachanua wakati huo, na agizo lake lilikuwa fupi: tarumbeta lilale mpaka korosho ziishe ghalani, na kabla ya hapo nirudi siku aliyoniandikia, tuanze fizi.

Ndipo alipokuja mwalimu wa bendi. Sherehe ya upadre iliangukia wiki ile ile ya kuanza fizi.

Sikutoroka. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ningetoroka labda ningejutia vizuri zaidi. Nilikwenda kumuaga. Nilimkuta ana chumba kilichojaa, nikasimama mlangoni nikamwambia nakwenda kwetu kupiga tarumbeta, na kwamba fizi zitanisubiri nikirudi. Akaweka chombo chini.

"Nenda," akasema. "Nenda kapulize. Ninyi ndio mlioamini maji yatazuia risasi, leo mnaamini maji ya chumvi yatazuia usaha. Utarudi hapa mdomo umelegea kama mfuko wa rambo, na mimi nitayatoa moja moja huku naimba. Halafu siku yangu ukanipigie filimbi ya refa!"

Chumba chote kilicheka. Mama mmoja aliyekuwa na pamba mdomoni aliishikilia isidondoke. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamjibu kwamba nikirudi nitamletea panya wa milimani, wamenona kuliko wa kwao. Nikatoka moyo mweupe, nikijiona nimepewa ruhusa.

Uso wake haukucheka. Niliuona. Lakini kwetu mtani hodari ndiye asiyecheka. Anatukana kavu kavu, wengine ndio wanaocheka. Nikahesabu uso ule kuwa sehemu ya uhodari wake. Daktari mwingine yeyote, mtu wa Songea au wa Moshi, angeniambia maneno hayo hayo bila utani, nami ningeogopa nikabaki. Huyu niliyempenda kuliko madaktari wote ndiye niliyeshindwa kumsikia.

Nisiseme uongo, safari ile ilikuwa tamu. Tulipanda milima kwa lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, na watu wa kwetu walitupokea kwa vigelegele kuanzia njia panda. Wazee waliomjua mama yangu walinishika mashavu. Nilipiga tarumbeta kutoka nyumbani kwa wazazi wa yule padre mpya hadi kanisani, na kutoka kanisani tena, nikisikia sauti inagonga mlima wa pili inarudi. Katikati ya njia ya kurudi nilihisi waya umekatika. Nikaonja damu. Nikaimeza nikaendelea, kwa sababu bibi mmoja alikuwa anacheza mbele yangu, amenyanyua fimbo yake juu, na singeweza kumwacha bila wimbo.

Niliporudi Lindi jino halikuuma. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Korosho zikaanza kuingia ghalani. Ikaja Noeli, bendi ikanihitaji. Maumivu hayakuwepo, kwa hiyo sikwenda mwenyewe, kama alivyosema siku zote. Pasaka iliyofuata, kwenye maandamano, sauti ilipasuka mbele ya watu wote, na nilipoliondoa tarumbeta mdomoni meno ya mbele yalisogea nalo. Halikuwa jino moja tena, yalikuwa manne. Yale ya jirani, yaliyokuwa yamefungwa waya kulisaidia, nayo fizi zao zilikuwa zimeachia.

Nilikwenda kwake nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeyatayarisha na ya kwangu njiani. Nikaingia.

Akasimama. Akasema, "Shikamoo, mzee. Karibu, kaa hapa."

Nilidhani ni mwanzo wa utani mpya. "Marahaba," nikamjibu, "leo Mmakonde amefundishwa adabu na nani?"

"Fungua mdomo, mzee, tafadhali."

Hapo nilijua utani umekwisha. Hakuuliza habari za mtu yeyote. Hakuimba. Alipima kila jino kwa kile kijiti, akaandika, akanipeleka kwenye picha, akairudisha dirishani. Aliniita nisimame karibu kama mara ile.

"Hii ni kazi yangu," alisema. Katikati ya jino kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka mpaka nchani. "Ndani bado ni pazima. Mfupa ndio haupo. Nimejenga chumba, mzee, lakini nyumba imeanguka."

Aliyatoa yote manne, jino moja kila safari, akiniuliza kila mara kama naumia na akisema pole. Sikuumia hata kidogo. Ningependa kuumia na kutukanwa. Nilipotoka siku ya mwisho, hakusema lile neno lake la mlangoni. Akasema tu, "Nenda salama, mzee."

Baadaye alinitengenezea meno ya bandia, mazuri, yanakaa vizuri. Nakula ugali wa muhogo, nakula samaki, korosho natafuna pembeni. Watu wasionijua hawatambui. Mke wangu, yeye, kila maumivu yasipokuwepo alikuwa anavaa ushungi wake anakwenda kwa Mama wa Meno, na mpaka leo akicheka unaona safu nzima. Tunaishi vizuri. Asubuhi tunakaa barazani, ananisimulia ndoto zake, mimi namchambulia mchele. Sina malalamiko makubwa na maisha. Lakini tarumbeta meno ya bandia hayalitaki. Ukikandamiza kidogo, bamba linaloyashika linapanda juu, sauti inatoka kama mlango mbovu. Bendi ilinipa kazi ya ngoma kubwa nikaikubali, nikaipiga miaka miwili, kisha bega likanikatalia.

Mama wa Meno alistaafu akaenda kulima Kilangala. Sikumfuata. Nilijiambia ni mbali, ingawa pikipiki hufika bila shida. Ukweli ni kwamba niliogopa ile shikamoo.

Mwaka jana alimtuma muuza muhogo mmoja aje kuniambia: mwambie yule mzee aje, na tarumbeta lake. Nililitoa ukutani, nikalifuta vumbi, nikalitia kwenye begi, nikapanda pikipiki. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, amepungua, miguu ameinyoosha mbele yake kwa sababu magoti yanamsumbua. Mkononi alikuwa na muwa. Alikuwa anaumenya kwa meno, yale yale ya Kimakonde, yote yapo.

Nikasimama uani. Yeye akatema ganda, akanitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Piga," akasema.

"Unajua siwezi."

"Nimesema piga. Sijasema uweze."

Nikalitoa. Nikaweka mdomo. Nikajaribu ule wimbo wa maandamano anaoupenda, ambao amekuwa akiuharibu miaka yote chumbani kwake. Bamba likapanda, upepo ukatoka pembeni, kikaja kitu kirefu chembamba kisicho na jina. Kuku wakakimbia. Nikaacha.

Mama wa Meno alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Aliponyanyua uso machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anacheka mpaka muwa umemdondoka.

"Mbuzi!" akasema. "Mbuzi wa Kimatumbi anakata roho! Ndicho hicho ulichotaka kunizikia nacho?"

Sijui jinsi ya kuandika furaha niliyoipata. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi, nikacheka naye, nikamwambia afadhali mbuzi kuliko panya, nikachukua muwa wake nikaula bila kuomba, kipande kwa kipande, akinikatia na kisu kwa sababu ya meno yangu. Tuliongea mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye banda la kuku. Wakati wa kuondoka alinishika mkono.

"Siku ile ulipoaga," alisema, "nilikuwa nakuogopesha. Sikuwa nakuchekesha. Nilikuwa na mdomo mmoja tu wa kukusemesha wewe, na ndio ule."

"Nilikuona usoni," nikamwambia. "Nilikuona kabisa. Nikaamua kucheka."

Akatikisa kichwa, akanisukuma begani kwa ule mkono mkubwa. "Haya, nenda zako, kitu cha milimani. Na siku yangu uje hivyo hivyo. Usinitumie mtu mwingine."

Nitakwenda, Mungu akinipa uhai. Nitadai chakula, nitazuia watu njiani, nitamtukana kama inavyopasa. Lile jibu nililompa mwalimu wa bendi barazani lilinigharimu meno manne ya mbele na tarumbeta langu, na mtani wangu atatanguliwa mpaka kaburini na mtu aliyemwahidi wimbo, akitembea mbele ya jeneza lake mikono mitupu.